Droni yako mpya inasumbua? Soma dalili kwanza kabla hujashika bisibisi

Mtu akinunua droni ya kwanza, wiki haijaisha utamsikia "hii mbovu bana, inahama yenyewe, mara inakataa kupaa, mara video inatetemeka", na ukienda kuiangalia droni yenyewe nzima kabisa haina kasoro. Sasa ukitaka kuelewa karibu matatizo yote ya hivi vidude shika jambo moja tu. Droni ya kamera haielei hewani kwa sababu ya vidole vyako, inaelea kwa sababu muda wote inajiuliza niko wapi, nimegeukia wapi, nimeinama kiasi gani, afu inajirekebisha yenyewe kabla hata wewe hujaona. Majibu inayatoa kwenye GPS, kwenye dira iliyo ndani, kwenye sensa za mwendo, kwenye kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachokadiria urefu, na kwenye kamera ndogo ya tumboni inayotazama chini. Hao ndo mashahidi wake. Shahidi mmoja akikosekana au akisema uongo, ndo vituko vinaanza. Kwa hiyo kabla hujauliza nini kimeharibika, uliza nani kaidanganya.

Na ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ukikalibreti dira (yaani kuipanga upya isome sawa), ukaapdeti softiwea, ukabadili propela na ukahama uwanja vyote kwa pamoja, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Dalili: hata ndani ya nyumba bila upepo haitulii, na video ya "4K" ina ukungu

Hapa mara nyingi tatizo lilianzia dukani. Kuna droni ya kamera na kuna toi lililofungwa kamera, na kwenye picha za matangazo vinafanana kama mapacha. Toi halina GPS, mengi hayana hata kamera ya chini, kwa hiyo halina njia ya kujua kwamba limehama, na lisilojua limehama haliwezi kurudi mahali pake. Vile vitufe vya trimu kwenye rimoti vinasaidia kidogo, kama inavutwa kushoto unabonyeza trimu ya kulia mpaka itulie, lakini ukitoka nje kwenye upepo umerudi pale pale, hamna setingi itakayoipa GPS ambayo haikuwekewa kiwandani.

Namna ya kuitambua. Angalia kamera, je imening'inia kwenye kimkono chenye vimota vidogo kinachocheza ukiinamisha droni? Hiyo ndo gimbali, na kwa droni ya kamera unataka ya mihimili mitatu au angalau miwili. Kama kamera imegandishwa kwenye mwili basi kila mtikisiko wa droni unaingia kwenye video. Pili, je kuna sehemu ya kuweka memori kadi au hifadhi ya ndani? Matoi mengi yanarekodi kwenye simu ile ile picha inayokuja kwa waifai, mawasiliano yakikatika na video inakatika. Tatu, chukua faili la video uangalie vipimo vyake kwenye kompyuta, 4K halisi ni pikseli 3840 kwa 2160. Afu usiishie kwenye namba, maana picha ndogo inaweza ikavutwa ikawa kubwa, kuza picha uangalie majani ya mti au maandishi ya mbali, kama yamekuwa uji basi hiyo 4K ni ya kwenye boksi tu.

Kama bado uko ndani ya muda wa kurudisha, rudisha. Kama muda umepita usiitupe, inafundisha vidole vizuri tu, ila acha kuidai kazi isiyoiweza.

Kwa ambaye hajanunua bado, mimi ningeanzia kwenye droni ndogo za chini ya gramu 250 zenye GPS na gimbali, mfano zile familia ya DJI Mini (DJI ni kampuni inayotengeneza droni) ambazo nyingi zina gramu 249. Hiyo gramu moja sio bahati mbaya, sheria za nchi nyingi zinaanza kubana kwenye 250. Marekani kwa mfano anayerusha kwa kujifurahisha anaanza kusajili droni ikifika gramu 250, ila usikariri hiyo kwa kila mahali, Umoja wa Ulaya hata chini ya hapo kama ina kamera na sio toi mrushaji anatakiwa ajisajili. Urefu wa juu nao Ulaya ni mita 120, Marekani futi 400 ambayo ni karibu sawa. Soma ya mamlaka ya anga ya nchi unayorushia, kuna nchi unahitaji kibali hata kuingia nayo uwanja wa ndege.

Ukinunua iliyotumika, kuna mtego mmoja unaokamata wengi sana, droni inaweza kuwa bado imefungwa kwenye akaunti ya mwenye mali wa kwanza. Hakikisha anaitoa kwenye akaunti yake mbele yako, na wewe unaiunganisha kwenye yako pale pale, kabla hela haijatoka mfukoni. Zungusha kila mota kwa kidole ukisikilizia, iwe laini, kama kuna mchanga utausikia unakwaruza. Betri iweke mezani, ikiyumba kwa sababu tumbo limevimba hiyo betri hata ya bure usichukue. Na uulize propela na betri za ziada zinapatikana, droni nzuri isiyo na spea ni pambo.

Dalili: haiwaki, au betri haiingizi chaji

Hii ndo inatisha wengi na ndo nyepesi kuliko zote. Betri nyingi za droni zinasafirishwa zikiwa zimelala usingizi mzito kwa usalama, ukibonyeza kitufe hamna taa hata moja. Ichomeke kwenye chaji kwanza, itaamka. Afu kuwasha kwenyewe kuna utaratibu, droni nyingi unabonyeza mara moja unaachia, halafu unabonyeza tena na kushikilia kama sekunde mbili. Ukishikilia tu moja kwa moja itakuonesha taa za kiwango cha chaji na kuzima, na wewe utasema imekufa.

Kama haichaji baada ya kuruka, iguse. Ikiwa ya moto inakataa makusudi, iache ipoe. Na angalia kichwa cha chaji, vile vya simu za zamani vinasukuma umeme kidogo mno unaweza ukakesha.

Simu haioni rimoti? Waya. Kuna waya za USB zinazopitisha umeme tu bila data, kwa nje huwezi kuzitofautisha, tumia iliyokuja na droni. Na kwa wenye Android, aplikesheni ya DJI Fly huikuti Play Store, unaishusha kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, usiende kuokota nakala kwenye tovuti za ajabu ajabu. Fanya hayo yote nyumbani kwenye intaneti, kwa sababu droni mpya inataka kuwezeshwa mtandaoni na mara nyingi ina apdeti inasubiri, ukifika uwanjani ndo unaanza kushusha apdeti kwa bando utalia.

Dalili: imewaka, kila kitu kipo, mota zinakataa kuzunguka

Soma ujumbe kwenye skrini, nasema hivi kwa sababu watu wanaufuta bila kuusoma. Sababu za kawaida: kile kifuniko cha gimbali hakijatolewa, kamera inajitahidi kujipanga inashindwa. Mkono mmoja wa droni haujafunguka mpaka mwisho. Betri haijaingia mpaka ilie "tek". Softiwea ya droni na ya rimoti hazilingani. Betri baridi sana. Dira inalalamika, hiyo naifikia.

Au uko eneo lililofungwa, karibu na uwanja wa ndege hivi. Hapo droni haina ubovu, inafanya ilichoambiwa. Na kuna kitu cha kuelewa, kuanzia Januari 2025 droni za DJI kwa Marekani zilianza kuonya tu badala ya kuzuia kwenye maeneo mengi, kwa hiyo mota kuzunguka sio kibali, ramani ya mamlaka ya anga ndo ya kuangalia. Wale wanaotafuta namna ya kuvunja hicho kizuizi mimi simo.

Kama hakuna ujumbe wowote, huenda hujaziwasha mota tu. Kwenye rimoti nyingi unavuta stiki zote mbili chini kwa ndani au chini kwa nje, zikianza kuzunguka unaachia. Na ujue kabisa mchanganyiko huo huo ukifanywa hewani unaweza kuzima mota, usiuchezee.

Dalili: inanyanyuka kidogo, inapinduka

Umebadilisha propela? Basi ni hilo, sihitaji hata kuiona.

Propela ziko za aina mbili, mbili zinasukuma hewa chini zikizunguka kama mshale wa saa na mbili kinyume, na zinazofanana zinakaa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia hivi. Ukiweka ya huku kule, upande mmoja unasukuma juu na mwingine unasukuma chini, inajibwaga. Zina alama, tafuta kialama cha mduara au mstari wa rangi karibu na katikati ya propela, na utafute kialama kama hicho kwenye mkono wa droni pale mota ilipokaa, chenye alama na chenye alama, kisicho na kisicho. Ukishafunga, zitazame kwa jicho la pembeni: ukingo ulionyanyuka ndo unatakiwa utangulie kuikata hewa mota inapozunguka.

Kama hujagusa propela na bado inapinduka, angalia unaporukia. Majani marefu yanashika propela, kokoto zinarukia gimbali, na sehemu yenye mteremko inaifanya ianze na kuinama. Tafuta kipande cha turubai au kifuniko kigumu cha boksi, paa kutoka juu yake mpaka mita moja na nusu hivi kwa mkupuo, usisite site sentimita kumi kutoka chini, pale hewa inayosukumwa inagonga ardhi na kurudi inaiyumbisha.

Dalili: inahama yenyewe wakati hujagusa kitu

Hapa ndo pa kukaa, maana ndo malalamiko namba moja na sababu ziko nyingi. Jiulize kwanza, iko nje au ndani?

Kama ni ndani, GPS haipo au ni dhaifu, imebaki kamera ya tumboni peke yake. Kamera hiyo inafanya kazi kwa kutazama vialama vya sakafu na kuona vimesogea wapi. Vigae vyeupe vinavyong'aa vya rangi moja havina vialama. Chumba chenye giza havionekani. Zulia lenye maua na taa zimewashwa, utashangaa droni ile ile inavyoganda hewani. Lensi ya chini pia inachafuka, ifute, na kama bado ina ile karatasi ya plastiki ya kiwandani itoe, watu wanairusha nayo wiki nzima.

Kama ni nje, angalia namba ya satelaiti kwenye skrini kabla ya kupaa. Ukiwasha tu inaweza kuwa na chache, subiri dakika moja mbili mpaka aplikesheni iseme imehifadhi sehemu ya kurudi. Katikati ya majengo marefu au chini ya miti mikubwa satelaiti zinazibwa, na mawimbi yanagonga kuta na kufika yamechelewa, droni inadhani iko mita kadhaa pembeni ya ilipo kumbe sio, na inahama kwenda "kujirekebisha". Sogea sehemu wazi.

Juu ya maji ni kesi nyingine. Mawimbi yanatembea, kamera ya chini inaona "ardhi" inatembea, inaifuata. Na maji yaliyotulia ni kioo, hata kipimo cha urefu cha chini kinachanganyikiwa, kuna zinazoshuka taratibu mpaka zinalowa. Anayejifunza akae mbali na maji, na akilazimika apande juu mita kadhaa ili GPS ishike usukani.

Halafu kuna upepo. Hizi droni ndogo kama DJI Mini 4 Pro zimepewa uwezo wa kuhimili upepo hadi mita 10.7 kwa sekunde, ni kama kilomita 38 kwa saa, lakini hiyo ni mwisho wa uwezo sio mwaliko. Chini ulipo kunaweza kuwa kimya na mita sitini juu kunavuma. Ukiiona imesimama hewani ila imeinama upande mmoja muda wote, inapigana na upepo, na kupigana kunakula betri. Ikianza kusukumwa na kuonya, shusha chini kwanza kabla ya kurudi, karibu na ardhi upepo huwa mdogo.

Kama uko sehemu wazi, satelaiti nyingi, upepo hamna na bado inahama kuelekea upande ule ule kila mara, hapo sasa tuangalie stiki za rimoti zenyewe, ziachie uone kama kwenye aplikesheni zinasoma sifuri, zisiposoma sifuri kalibreti rimoti. Isipopona kalibreti sensa za mwendo, droni ikiwa imepoa na iko kwenye meza iliyonyooka kweli, sio kitandani.

Dalili: haielei sehemu moja, inazunguka duara linalozidi kupanuka

Hiyo ni dira. GPS inasema "umehama mita moja kaskazini", droni inataka kurudi kusini, lakini dira imedanganywa kusini ni wapi, kwa hiyo inaenda pembeni, inarekebisha tena pembeni, na hivyo hivyo mpaka inakuwa mzunguko.

Dira inadanganywa na chuma na sumaku. Zege lina nondo ndani, kwa hiyo kurukia juu ya dari la zege au kwenye barabara ya zege ni kujitafutia. Boneti ya gari, mfuniko wa chemba, uzio wa chuma, spika ya gari, hata simu na saa uliyovaa wakati unaikalibreti. Na hapa ndo kosa la watu: aplikesheni inasema kalibreti dira, mtu anakalibreti pale pale juu ya zege. Umeifundisha uongo ukaisainisha. Toka hapo kwanza, tembea hatua ishirini thelathini kwenye udongo au nyasi, mara nyingi ujumbe unapotea wenyewe bila kalibreti yoyote. Ujumbe ukiendelea ndo ukalibreti.

Ikikukuta hewani, usipaniki na usibonyeze kurudi nyumbani, maana kurudi nako kunategemea dira hiyo hiyo. Punguza kuigusa gusa, ishushe taratibu sehemu wazi, itue popote palipo salama.

Dalili: naipeleka kushoto inaenda kulia

Droni nzima, imekugeukia tu. Ikiwa pua inakutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Rimoti nyingi stiki ya kushoto inapandisha, kushusha na kugeuza pua, ya kulia inapeleka mbele, nyuma na pembeni. Kwa siku za mwanzo weka mgongo wa droni kwako muda wote, na hali ya mwendo iwe ile ya polepole, kwenye DJI inaitwa Cine.

Mazoezi ninayoyaamini: kwanza kuelea tu kwa urefu wa macho bila kufanya kitu, inachosha ila unaizoea sauti yake. Halafu mraba, pua ikiwa mbele muda wote. Halafu mraba ule ule ukigeuza pua kila kona, hapo ndo ubongo unaanza kuwaka moto. Ukichanganyikiwa katikati, achia stiki zote mbili. Yaani achia kabisa. Droni yenye GPS inafunga breki na kusimama, halafu unaigeuza pua mpaka uone inatazama mbali na wewe, unaendelea. Ajali nyingi za wanaoanza ni mtu aliyeendelea kusukuma stiki wakati hajui pua iko wapi.

Hali ya spoti iache kwanza. Sio kasi tu, kwenye droni nyingi ukiiwasha sensa za kuona vizuizi zinazimwa, na breki inachukua umbali mrefu zaidi.

Dalili: video haiko kama ulivyotarajia

Kwanza tofautisha unachokiona kwenye simu na kilichorekodiwa. Kwenye simu unaona picha iliyopunguzwa ikarushwa hewani, ikikwama kwama haina maana kilicho kwenye kadi kimekwama. Na faili likikwama kwenye kompyuta, huenda limerekodiwa kwa H.265 (namna ya kubana video) na kompyuta ya zamani hailiwezi, jaribu kuliangalia kwenye simu mpya au rekodi kwa H.264 ulinganishe.

Picha ikicheza vimawimbi vidogo vidogo muda wote, mtetemo unatoka kwenye propela. Pitisha kucha ukingoni mwa kila moja, kapengo ambako jicho halikaoni kucha itakashika. Badilisha, na kama kila mota ina mapanga mawili (vile vibawa vya propela) badilisha yote mawili ya mota hiyo kwa pamoja, yanakuja yamelinganishwa uzito. Usigundishe propela kwa gundi, hata ile kali.

Vivuli vinavyopita haraka juu ya picha ni jua la mbele likipitia kwenye propela, geuka kidogo. Propela zinaonekana pembeni ya picha ni droni imeinama mno, upepo wa mbele au spoti. Upeo wa macho umeinama, kalibreti gimbali mezani. Mwendo unaonekana wa kukatika katika mchana wa jua kali, shata (muda ambao kamera inafunguka kwa kila picha) iko haraka sana, kanuni ya wapiga video ni shata mara mbili ya fremu, ukirekodi fremu 30 kwa sekunde unataka 1/60 ya sekunde, na kwa jua hilo hutaipata bila kufunga filta nyeusi ya ND mbele ya lensi.

Inaacha kurekodi yenyewe? Kadi ina kasi ndogo. Tafuta yenye alama ya U3 au V30, iformati ndani ya droni yenyewe sio kwenye kompyuta. Kadi feki zipo nyingi, zinasema uwezo mkubwa kumbe ni kidogo, na zikijaa zinaandika juu ya video za zamani kimya kimya.

Dalili: picha inaganda na mawasiliano yanakatika karibu tu

Antena. Watu wanaielekeza ncha ya antena kwenye droni kama wanapiga bunduki, na ncha ndo sehemu dhaifu kuliko zote, ubavu wa antena ndo unatakiwa utazame droni. Mwili wako pia unazuia, usiipe mgongo. Mti mmoja wenye majani mengi unatosha kukata. Sehemu zenye waifai nyingi jaribu kuhama masafa, 5.8 GHz huwa na msongamano mdogo ila haipenyi vizuri, 2.4 inaenda mbali zaidi. Na zile kilomita za kwenye boksi zilipimwa sehemu wazi isiyo na muingiliano, wewe bado sheria nyingi zinakutaka uione kwa macho.

Ingia kwenye setingi uone droni itafanya nini mawasiliano yakikatika, kurudi, kuelea au kutua. Wengi hawajui waliacha ipi.

Dalili: nilibonyeza irudi nyumbani, ikagonga mti, au ikarudi kwingine

Kurudi nyumbani sio akili, ni hesabu. Inapanda mpaka urefu uliowekwa, inanyoosha mstari mpaka ilipohifadhi kama nyumbani, inashuka. Kama urefu uliowekwa ni mita 20 na mti ni mita 25 na droni haina sensa za mbele, umeshajua. Kila uwanja mpya, tazama kitu kirefu kuliko vyote kisha ongeza mita kumi kumi na tano juu yake. Na usiibonyeze droni ikiwa chini ya dari au matawi, kitu cha kwanza itakachofanya ni kupanda.

Ikirudi kwingine, ulipaa kabla satelaiti hazijatosha. Ilihifadhi nyumbani pale ilipozipata, yaani labda ikiwa tayari juu ya bwawa la jirani.

Betri nayo. DJI Mini 4K imeandikiwa dakika 31, vipimo hivyo ni vya hewa tulivu, kwa hali halisi hesabu pungufu na uanze kurudi ikiwa na asilimia thelathini hivi, mapema zaidi kama kurudi ni kwenda kinyume na upepo. Ikifika chini kabisa itaanza kutua yenyewe, hapo bado unaweza kuisukuma pembeni kutafuta sehemu, tumia stiki ya kulia kuitoa juu ya maji au barabara. Na ukishusha wima kwa kasi ikaanza kuyumba, inazama kwenye hewa iliyovurugika ambayo imeisukuma yenyewe, isogeze mbele kidogo huku inashuka. Betri usizihifadhi zikiwa zimejaa wala tupu kwa wiki nyingi, nusu nusu ndo salama.

Imeanguka, au haionekani

Ikianguka kwenye maji ya chumvi usiiwashe kuona kama nzima, toa betri haraka, na hiyo betri usiichaji tena. Ikianguka sehemu kavu, kagua mikono ya droni kwenye maungio kwa kuikunja kidogo mbele ya mwanga, nyufa nyembamba zinajificha hapo, halafu mota kwa kidole, halafu gimbali, ndo uirushe kwa urefu wa goti kwanza.

Ikipotea usizime simu wala kufunga aplikesheni. DJI Fly ina sehemu ya kutafuta droni, inaonesha mahali pa mwisho ilipojulikana, na ukifika karibu mawasiliano yakirudi unaweza kuifanya ilie na kuwasha taa. Wahi kabla betri haijaisha, na kama ilikatika ikiwa juu fikiria upepo ulikuwa unaelekea wapi, utafute upande huo kutoka kwenye ile alama ya ramani. Ukiikuta imenasa kwenye matawi usijaribu kuipaisha ijichomoe, propela zikishikwa mota inaungua, zima mota kisha tafuta ngazi au fimbo ndefu ya kusukumia, na mtu wa kushika shuka chini.